Kifungu Kilichosomwa Mapema

Sheria zote za nchi zilikaa katika makabati mawili ya chuma, kwenye chumba kisicho na dirisha, na ufunguo alikuwa nao mtu mmoja. Ofisini walimwita Babu Gundi. Bunge likipitisha marekebisho, yeye alichapa kifungu kipya, akakikata kwa wembe, akakibandika juu ya kile cha zamani ndani ya juzuu zilizoitwa nakala mama. Kazi hiyo aliifanya tangu ujana wake. Baadhi ya kurasa zilikuwa zimebandikwa mara nyingi hata zikawa ngumu kama mbao.

Seti iliyochapishwa iliuzwa na mpiga chapa wa serikali, na wanunuzi walikuwa mawakili. Maktaba ya mji ilikuwa na seti moja, isiyo na juzuu ya nne, na hakuna aliyekumbuka juzuu hiyo iliondoka na nani. Mtu wa kawaida aliyetaka kujua sheria inasemaje alimuuliza polisi, au alimuuliza mtu anayegombana naye, na jibu alilopewa lilimfaa aliyelitoa.

Mhariri mmoja wa ofisi hiyo aliona jambo hili ni aibu. Nyumbani walimwita Nukta, kwa sababu tangu utoto alimaliza kila ubishi kwa kusema "nukta", kisha akaondoka. Aliandika andiko la kuomba sheria ziwekwe mtandaoni, bure, kwa kila mtu. Halikujibiwa. Akaandika la pili. La tatu lilijibiwa kwa sababu mfadhili fulani alikuwa ameuliza jambo hilohilo. Kampuni ikapewa zabuni ya kupiga picha kurasa zote za nakala mama na kuzigeuza kuwa maandishi. Mkurugenzi wa ofisi alisisitiza sharti moja katika mkataba: kurasa zitoke safi. Hakutaka taifa lione madoa ya gundi.

Tovuti ikazinduliwa. Kulikuwa na utepe, ingawa hakuna aliyejua utepe wa tovuti unafungwa wapi. Mwishowe waliuzungusha kwenye kompyuta, waziri akaukata, watu wakapiga makofi.

Mtu wa kwanza aliyeitumia tovuti hiyo kwa shida yake mwenyewe, kwa kadiri Nukta alivyojua, alikuwa mama yake mdogo.

Mama Mdogo ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Alikuwa na chumba cha kupanga nyuma ya barabara ya maduka, na ndani yake tanuri la matofali lililojengwa ukutani. Alilijenga na marehemu mumewe, kwa ruhusa ya mwenye nyumba wa wakati ule. Mikate ya tanuri hilo ilimsomesha Nukta mpaka chuo kikuu. Mwenye nyumba wa zamani alipokufa, nyumba ikaenda kwa mwanawe, na mwana akaleta notisi: anahitaji chumba chake.

Nukta alikuta notisi imebandikwa ukutani kwa unga uliokorogwa na maji, na pembeni yake ukurasa uliochapwa kutoka kwenye tovuti.

"Njoo unisomee hapa," Mama Mdogo alisema. "Wewe macho yako bado mapya."

"Si umeshasoma?"

"Nimesoma mara nne. Nataka nisikie mtu wa serikali akisoma, nione kama maneno yatabadilika."

Nukta alisoma kwa sauti huku akitafuna mkate. Kifungu cha thelathini na moja cha sheria ya upangaji kilisema kwamba mwenye nyumba hatamwondoa mpangaji aliyejenga kitu cha kudumu kwa ruhusa yake, au kwa ruhusa ya aliyemtangulia, ila kwa amri ya mahakama na baada ya kumfidia.

"Sasa hii ni sheria, au ni mambo yenu ya mitandaoni?"

"Mama Mdogo, kama ipo kwenye tovuti, ni sheria. Nukta."

Mama Mdogo alicheka, akampa mkate mwingine bila kuombwa. "Na mimi niliishia darasa la saba! Kumbe sheria inasomeka. Mbona mlikuwa mnaificha?"

Mtu anayefanya kazi na sheria huuliza swali moja kabla ya mengine yote: imeanza kutumika lini? Nukta alikuwa amewauliza wengine swali hilo kwa miaka mingi. Siku hiyo hakuliuliza. Sura ya upangaji ilihakikiwa na mwenzake, tovuti ilikuwa fahari yake, na mbele yake alikaa mtu aliyemtaka aseme ndiyo.

Mwenye nyumba alikuja Jumamosi asubuhi, mikono mfukoni. Hakuwa mtu mkorofi. Alitoa pendekezo mbele ya wateja, na Nukta, aliyekuwa akipanga mikate kwenye rafu, alilisikia neno kwa neno.

"Mama, tusifikishane mbali. Chukua milango ya chuma ya tanuri, chukua matofali yote ya moto. Nyuma ya jengo langu la pili kuna uwanja. Jenga pale taratibu, hapa utatoka ukishamaliza. Hata mimi nakula mkate wako."

"Na fidia?"

"Fidia ya nini tena?"

"Kifungu cha thelathini na moja." Mama Mdogo alionyesha ukutani kwa kidole cheupe kwa unga. "Soma mwanangu. Ni bure. Serikali imelipia."

Mwenye nyumba alisogea, akasoma, midomo ikitikisika. Fundi viatu wa mlango wa pili, aliyekuja kununua mkate, alichungulia juu ya bega lake.

"Inamhusu hata mtu wa banda?" fundi viatu aliuliza. "Mimi nimejenga benchi la saruji."

"Kama ni la kudumu," Mama Mdogo alimjibu kama hakimu.

"La kudumu! Hata mimi mwenyewe nimeshindwa kulihamisha!"

Watu walicheka. Mwenye nyumba hakucheka. "Nimekuja kwa wema, Mama," alisema. "Ukinirudisha, nitarudi na wakili."

"Njoo naye. Wakili naye anakula."

Alirudi kwa njia ya mahakama.

Chumba cha mahakama kilikuwa na feni moja iliyozunguka bila kupoza, na mabenchi yaliyong'arishwa na makalio ya watu wanaosubiri. Mama Mdogo hakuwa na wakili. Alikuwa na ukurasa wake, sasa ndani ya bahasha ya plastiki. Alisimama akausoma wote, bila kukwama, akaketi. Hakimu, mwanamke wa makamo asiyeinua sauti, aliandika.

Wakili wa mwenye nyumba alisimama. Alikuwa kijana mwenye adabu. Mezani kwake palikuwa na juzuu ya sheria yenye jalada jekundu.

"Mama, nakushukuru kwa kusoma vizuri. Nina swali moja tu. Kifungu hicho kilianza kutumika lini?"

Mama Mdogo alifikiri. "Kilianza niliposoma."

Mahakama ilicheka. Hata karani alicheka. Nukta, aliyeketi benchi la nyuma, hakucheka, kwa sababu alikuwa amelielewa swali.

"Sheria haianzi kwa kusomwa, Mama," wakili alisema. Akamgeukia hakimu. Bunge lilipitisha kifungu hicho, ni kweli, na rais alikitia saini. Lakini sheria ileile ilisema itaanza siku ambayo waziri ataitangaza kwenye gazeti la serikali. Waziri hajatangaza. Basi kinachotumika ni kifungu cha zamani. Akaifungua juzuu nyekundu, akasoma: kitu chochote kilichoshikamana na nyumba ni mali ya mwenye nyumba. Tanuri zima. Matofali, na milango.

"Lakini hii ni ya serikali!" Mama Mdogo aliinua bahasha. "Juu hapa kuna nembo!"

Hakimu aliiomba, akaiangalia kwa muda. Kisha alisema jambo ambalo Nukta aliliandika kwenye kiganja cha mkono ili asilikosee. Sheria ni ile ya zamani, na hilo halina mjadala. Lakini mahakama ina hiari ndogo. Mpangaji akithibitisha kwamba alilikataa pendekezo la mwenye nyumba kwa nia njema, akiamini maneno ya serikali yenyewe, mahakama inaweza kuamuru pendekezo lile lirudi: milango, matofali, uwanja, na muda wa kujenga. Karatasi peke yake haitoshi, maana karatasi hata mtoto anachapa. "Siku ya uamuzi nitaifungua tovuti hiyo mimi mwenyewe, hapa, mbele yenu wote."

Mchana huohuo Nukta alimwomba Babu Gundi amfungulie kabati. Walifika kwenye kifungu cha thelathini na moja. Kipande kipya kilikuwa kimebandikwa vizuri juu ya cha zamani. Pembeni, kwa penseli, palikuwa na duara dogo, na ndani ya duara neno moja: bado.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya chumba kile. Babu Gundi alibandika mara tu rais alipotia saini, kwa sababu vipande vilivyosubiri mezani vilipotea. Kisha akachora duara. Tangazo la waziri likija, alilifuta. Kila mtu wa ofisi aliyaona maduara hayo na kuyatii bila kufikiri, kama watu wa nyumba moja wanavyoiruka ngazi iliyovunjika. Mgeni tu ndiye angeanguka. Mashine ya kampuni, iliyoagizwa kutoa kurasa safi, ilihesabu penseli kuwa uchafu.

"Kwa nini penseli, Babu?"

"Ulitaka wino? Kitu unachokisubiri utakiandikaje kwa wino?"

"Umekisubiri tangu lini hiki?"

"Tangu mawaziri watatu." Alifunga juzuu. "Mimi niliandika, binti yangu. Mashine ndiyo haikusoma. Usije ukaniweka mimi kwenye ripoti."

Walipitia juzuu zote. Maduara yalizidi arobaini.

Mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya meza.

"Rekebisha. Leo."

"Nitarekebisha, na chini ya kila kifungu nitaweka maelezo: kilionyeshwa kimakosa tangu siku ya uzinduzi."

"Maelezo ya nini? Unataka kutuanika barabarani? Waziri amekata utepe kwa mkono wake."

"Mficha uchi hazai, Mkurugenzi."

"Sisi hatuzai. Sisi tunahariri." Hakutabasamu. "Na wizara ikiuliza kwa nini tangazo halijatolewa miaka yote hiyo, nani atajibu? Wewe?"

"Watu wameyasoma maneno hayo. Wamefanya mambo kwa sababu yake."

"Basi weka maelezo yako," Mkurugenzi alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayeahirisha. "Mafupi."

Nukta alipita kwa Mama Mdogo kabla ya kugusa chochote, kwa sababu aliona ni haki aambiwe kwanza. Barabara ilikuwa imebadilika tangu ile Jumamosi. Fundi viatu alikuwa amebandika ukurasa wake mwenyewe juu ya benchi la saruji. Msusi wa jirani, aliyetakiwa kuhama, alikuwa ameongeza ukuta na sinki la kuoshea nywele, akisema anajenga kitu cha kudumu kabla hawajamwahi. Alimwita Nukta kwa furaha amwonyeshe vigae.

Mama Mdogo alimsikiliza akiwa amesimama mbele ya tanuri, ubao mrefu wa kuingizia mikate mkononi.

"Iache mpaka siku ya uamuzi," alisema. "Hakimu aione ilivyo. Baada ya hapo badilisha unavyotaka."

"Siwezi. Msusi anajenga ukuta kwa kitu ambacho si sheria. Kila siku kuna mwingine."

"Msusi ndiye aliyekulea, au ni mimi?"

Nukta alisema, "Maelezo yatakuwa chini ya kifungu. Yatasema wazi kwamba kosa ni letu. Hakimu akifungua atayaona, na yatakusaidia kuliko ukurasa ulivyo sasa. Ukurasa wa sasa unaonyesha ulichosoma. Maelezo yatakiri kwamba tulikudanganya."

"Una uhakika?"

"Nitayaandika mwenyewe."

"Sikuuliza nani atayaandika." Mama Mdogo aliingiza ubao tanurini, akautoa mtupu. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Kwa mantiki Nukta hakukosea. Njia aliyoichagua ilimwambia msusi ukweli, na ilimpa mama yake mdogo ushahidi bora. Alirekebisha vifungu vyote kwa mkono wake, akaandika maelezo chini ya kila kimoja, akayasoma upya kwenye kompyuta ya jirani ili awe na hakika kwamba wengine nao wanayaona. Walikuwa wanayaona. Msusi alipoambiwa alikaa kwenye kiti cha wateja wake, akaangalia vigae.

Siku ya uamuzi karani aliweka kompyuta juu ya meza ya hakimu na kuigeuza kidogo ili pande zote mbili zione. Mtandao ulisuasua. Ukurasa ukafunguka: sheria ya upangaji, kifungu cha thelathini na moja, maneno ya zamani. Chini yake palikuwa peupe.

Hakimu alishuka mpaka mwisho wa ukurasa, akapanda tena.

"Mama, hapa kuna kifungu cha zamani tu. Sioni kosa."

Nukta alijua papo hapo. Mkurugenzi hakuhitaji kumwomba yeye. Kampuni nayo ilikuwa na funguo za kuibadilisha tovuti. Alisimama.

"Mheshimiwa, kulikuwa na maelezo. Niliyaandika mimi. Yameondolewa."

"Wewe ni nani?"

"Mhariri wa ofisi ya sheria."

"Una barua ya mwajiri wako inayokuruhusu kutoa ushahidi?"

"Sina."

"Na huyu Mama ni nani kwako?"

Nukta angeweza kujibu kwa namna kadhaa. Alijibu kwa usahihi. "Ni mama yangu mdogo."

Minong'ono ikapita mabenchini. Wakili kijana alinyanyuka taratibu, na hata sasa hakupoteza adabu yake.

"Mheshimiwa, sikupenda kulisema hili. Tunao ukurasa wenye nembo ya serikali, wenye maneno yasiyo sheria, yanayomfaa mtu mmoja. Na tunaye ndugu wa mtu huyo, anayefanya kazi palepale kurasa zinapotengenezwa. Naomba mahakama ifikirie kama jambo hili linafaa kupelekwa polisi, ili ijulikane ukurasa huu ulitoka wapi."

Hakimu aliweka kalamu chini. Alimtazama Nukta kwa mara ya kwanza kama mtu anayeweza kuwa mshtakiwa. "Hilo ni jambo zito," alisema. "Mama, kabla sijaamua kulipeleka, una la kusema? Ukurasa huu ulitoka kwa nani?"

Mama Mdogo alisimama. Alivaa kitenge chake cha harusi za watu. Alimtazama Nukta, kisha tovuti, kisha bahasha mkononi mwake.

"Huyo mtoto hahusiki," alisema. "Niliukuta ukurasa, sikumbuki wapi. Mimi niliishia darasa la saba. Nilisoma, sikuelewa. Mambo ya sheria si ya mtu kama mimi."

"Unasema hukuelewa ulichosoma?"

"Sikuelewa."

"Mama Mdogo!" Nukta aliita.

"Keti," hakimu alimwambia.

"Keti, mwanangu," Mama Mdogo alisema pia, bila kugeuka.

Suala la polisi likafa hapo. Hiari ya mahakama nayo ikafa, kwa kuwa aliyekataa pendekezo kwa kutoelewa si sawa na aliyekataa kwa kuiamini serikali. Amri ilisomwa kwa dakika chache. Chumba kirudi kwa mwenyewe, pamoja na vyote vilivyoshikamana nacho.

Nje, kwenye ngazi, Nukta alimshika mkono.

"Ulielewa kila neno. Kwa nini umesema vile?"

"Ulitaka nisemeje? Tanuri lilishakwenda ulipoanza kuongea. Nikupoteze na wewe kwa ajili ya matofali?" Alimpa ile bahasha ya plastiki. "Waliosema rahisi ghali walikuwa wameshanunua. Chukua kitu chako."

"Nitakwenda kwa Mkurugenzi."

"Nenda. Utamkuta." Alishuka ngazi mbili, akasimama. "Na usije Jumapili. Sitaki kuulizwa nimeamkaje."

Mkurugenzi alikuwepo kweli. Alisema kwamba maelezo yalikuwa ya muda, kwamba tovuti ilikuwa ikifanyiwa usafi wa kawaida, na kwamba hakujua chochote kuhusu kesi ya mtu binafsi. Pengine hilo la mwisho lilikuwa kweli. Nukta aliandika malalamiko kwa katibu wa wizara, akaambatanisha kila kitu. Walimjibu kwa mstari mmoja mpya uliowekwa chini ya kila ukurasa wa tovuti, kwa herufi ndogo: maandishi haya ni kwa taarifa tu, anayetaka sheria rasmi anunue juzuu.

Mwenye nyumba alimpa shemeji yake kile chumba. Shemeji alikuwa akijifunza bado, mikate iliungua upande mmoja, lakini tanuri lilikuwa zuri. Mama Mdogo alipata kazi ya kukanda unga kwenye kiwanda cha mikate ng'ambo ya mji, zamu ya asubuhi. Fundi viatu aliondoka na kuliacha benchi lake.

Tovuti ilikuwa pia na sehemu ya hukumu, ili wananchi wasome bure jinsi mahakama zinavyoamua. Hukumu ziligawanywa kwa wahariri kwa zamu, na ile ya tanuri ilimwangukia Nukta. Angeweza kumpa mwenzake. Aliifungua akaipitia kama alivyopitia nyingine zote, kuanzia majina ya wahusika mpaka saini. Katika aya ya tisa hakimu aliandika: mpangaji, kwa kinywa chake mwenyewe, alikiri kwamba alisoma asielewe.

Nukta alilinganisha aya hiyo na kumbukumbu ya mahakama. Hapakuwa na kosa. Akabonyeza, ikapanda mtandaoni.